Ramani ya Pumba na Majivu

Mkufunzi wetu Aikande alitutangazia mtihani siku ya Ijumaa, kwenye ukumbi wa parokia pale Ifakara.

"Jumatatu mnakwenda Michenga," alisema. "Mtawasaidia wanakijiji wachunguze wenyewe habari ya vyoo na maji yao. Mimi nitakaa pembeni. Mwishoni nitawauliza swali moja tu: nani amewafundisha? Wakimtaja mmoja wenu, huyo amefeli."

Wenzangu wakanigeukia wote, wakicheka. Walikuwa na haki. Mimi Balbina nina mdomo. Kabla ya kuja kwenye mafunzo haya ya wawezeshaji nilifundisha elimu ya watu wazima miaka minne, na kwenye zoezi la Jumatano, nilipoambiwa niulize swali moja kuhusu kunawa mikono, nilihutubia nusu saa nzima hadi Salvatory, mwenzangu wa kundi, akasinzia. Aikande aliandika kwenye daftari langu kwa wino mwekundu: "Anajua sana. Anyamaze."

Nilikasirika, sifichi. Lakini nilitaka kufaulu kuliko mtu yeyote mle ukumbini. Atakayefaulu angepelekwa kufanya kazi hii kijijini kwao, na kwetu ni Malinyi. Mdogo wangu Vitus alifia huko kwa kuhara, akiwa na miaka mitatu. Hakufia nyumbani. Alifia shambani, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunacholala miezi yote ya kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Maji aliyokunywa niliyachota mimi.

Jumatatu tukapanda baiskeli mapema. Ilikuwa Septemba ya mwaka tisini na sita, mavuno yamekwisha, watu wote wako kijijini, na uwanja wa shule ulijaa. Nilitoa shikamoo hadi ulimi ukachoka. Kisha Salvatory akaweka chini debe la majivu na magunia mawili ya pumba kutoka mashine ya kukoboa, nami nikawaomba wachore kijiji chao hapo chini.

Hawakusogea. Niliuma ulimi. Niliuma tena. Hatimaye mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, Mama Domitila, akanyakua debe.

"Mnaogopa majivu?" akasema, akaanza na nyumba yake.

Hapo ndipo kazi ikachanganya. Barabara ikatokea, kanisa, msikiti, kisima, nyumba baada ya nyumba, kila mtu akigombana na jirani yake kuhusu mpaka. Penye choo waliweka jiwe. Baada ya saa moja Mzee Apolinari, mwenyekiti wa kitongoji, akavua kofia, akahesabu.

"Nyumba sitini na mbili, vyoo hamsini na tisa. Hao watatu nitawashughulikia mimi. Tumemaliza, wageni wetu. Andikeni."

Makofi yakapigwa. Watu wakaanza kujikung'uta vumbi.

Damu ilinichemka. Vyoo hamsini na tisa! Hotuba nzima ilikuwa tayari kooni: dungu, maji, Vitus, kila kitu. Aikande, chini ya ukuta wa darasa, aliinua kalamu. Salvatory akanikanyaga kidole cha mguu. Nikameza hotuba yote, na ilipita kwa shida, nikabakiza swali moja.

"Samahani, baba. Mwezi wa tatu, mvua ikishika, kwenye nyumba hizi sitini na mbili analala nani?"

Bibi mmoja huko nyuma akajibu, "Kuku!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Domitila hakucheka. Alitazama ramani, akatazama gunia la pumba.

"Pisheni," akasema. "Pisheni! Hapa hatujachora hata nusu ya maisha yetu!"

Akaburuta gunia hadi nje ya kijiji, akapita mlingoti wa bendera, akimwaga pumba kuonyesha bonde lote. Watu wakamfuata mbio. Magunzi ya mahindi yakawa madungu, kanga ya mtu ikawa mto. Ramani ikavuka uwanja, ikaingia barabarani, na mwenye baiskeli aliyetaka kupita akaambiwa azunguke. Sikuwahi kuona watu wazima wakikimbia hivyo bila mpira.

"Sasa mawe ya vyoo," mtu akasema. Hakuna aliyeweka hata moja.

Mama Domitila akachuchumaa kwenye gunzi lake. "Mimi nashuka dunguni, najisaidia hapa. Maji yakipanda yanapita hivi, na hivi..." Kidole chake kikasimama kwenye gunzi la Jenifer, mama kijana mwenye mtoto mgongoni.

"Na mimi nachota hapo," Jenifer akasema taratibu. Kisha akapiga kelele. "Kumbe namnywesha mwanangu mavi yako, mama!"

Nilitaka kulia, nilitaka kupiga vigelegele.

Zogo likaanza. Wachimbe mashimo? Bondeni ukichimba mikono miwili unakuta maji. Mwongozo ndani ya mkoba wangu ulikuwa na picha ya choo kwenye ardhi kavu kabisa. Kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kusema.

"Vichuguu!" Jenifer akapaza sauti. "Vile vikubwa havifunikwi na maji. Hata nyoka wanakimbilia huko!"

Macho yote yakamwendea Mzee Apolinari, mwenye kichuguu kikubwa kuliko vyote, katikati ya madungu, anachopandia maboga.

"Maboga yangu!" akafoka. Akatazama gunzi la Jenifer, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni. "Haya. Lakini jembe la kwanza napiga mimi, kesho asubuhi."

Vigelegele vikapasuka. Majina ya watakaochimba vyoo kwenye vichuguu vingine yakatajwa papo hapo, kazi iishe kabla ya mvua.

Aikande akaja katikati. "Ndugu zangu, nani amewafundisha haya?"

"Atufundishe nani?" Mzee Apolinari akashangaa. "Mashamba yetu, vichuguu vyetu, akili zetu."

"Na wageni hawa?"

Mama Domitila akatutazama kwa huruma. "Huyu kijana anabeba magunia vizuri. Huyu binti ni mpole mno, maskini, kuongea kunampa shida." Akanishika mkono. "Usikate tamaa, mwanangu. Utazoea."

Salvatory alicheka hadi akakaa chini. Aikande akaniomba daftari langu, akaandika neno moja kwa wino mwekundu, akanigeuzia nisome.

Malinyi.

Njia nzima ya kurudi Ifakara niliongea peke yangu, nikilia na kucheka, na Salvatory hakunikatiza hata mara moja.