Somo la Kutabasamu

Riyama, muuguzi aliyepokea kwa mikono yake nusu ya watoto wa Bububu, aliitwa kwenda kufundishwa kutabasamu.

Wagonjwa walikuwa wamelalamika: wauguzi wa wodi ya wazazi wananuna, wanajibu kwa mkato, kazi yao imeporomoka. Dk. Wakil, mkubwa wa hospitali, akaona dawa ni somo. Mwalimu akamtoa katika hoteli moja ya Uroa, kijana nadhifu aitwaye Suhail, anayewafunza wahudumu kukaribisha watalii.

Somo likafanyika chumba cha mikutano, na hapo ndipo damu ya Riyama ilipochemka. Mwaka jana chumba hicho kilikuwa cha wauguzi. Kilikuwa na kitanda cha kunyooshea mgongo, na birika lao. Dk. Wakil akakitia zulia na meza ndefu, akakipiga kufuli, kikawa kinafunguliwa akija mgeni tu. Tangu hapo wauguzi wanakula maandazi wima, penye sinki la kuoshea mabeseni ya wagonjwa. Na juzi, baada ya kutwa nzima bila kukaa kitako, Riyama alikaribia kumdunga mzazi sindano isiyo yake. Mzazi mwenyewe ndiye aliyevuta mkono. Hilo lilimchoma kuliko malalamiko yote.

"Tuanze na meno," alisema Suhail. "Mgeni akiingia, ayaone."

"Yangu yamebaki manne," akajibu Bi Mwanakheir, muuguzi aliyekaribia kustaafu. "Yatatosha?"

Wenzake wakacheka. Dk. Wakil hakucheka. "Mnaona? Dhihaka. Moyo wa kazi hamna."

Riyama akanyoosha mkono. "Kaka Suhail, nyinyi kule Uroa mnakula wapi?"

"Sisi tuna chumba chetu. Huingii zamu mpaka ule, utulie. Mkubwa wetu husema mwenye njaa akicheka, mgeni anaogopa." Akawatazama. "Kwani nyinyi mnakula wapi?"

"Penye mabeseni, mwanangu," alisema Bi Mwanakheir.

"Hiyo si mada ya leo," akadakia Dk. Wakil.

"Ndiyo mada," alisema Riyama. "Mtalii anayetaka juisi ana mtu aliyepumzika wa kumletea. Mzazi anakuja hapa roho mkononi, anapokelewa na mtu asiyebebwa na miguu yake. Moyo wa kazi tulikuwa nao, Daktari. Tuliuacha humu, ukaufungia."

Akatoka.

"Riyama, nnakuandikia barua ya onyo," alisema Dk. Wakil.

Hakugeuka. Akarudi na birika lililobonyea na mfuko wa maandazi, akavitua juu ya meza inayong'aa, akavuta kiti, akakaa.

"Andika. Ukishamaliza utanikuta humu humu, saa ya chai."

Bi Mwanakheir akakaa. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Suhail naye akavuta kiti, akauliza kama sukari ipo.

Dk. Wakil akabaki wima, ufunguo mkononi.

"Kaa, Daktari," alisema Riyama. "Kusimama sana kunatia ukali."

Bi Mwanakheir akainuka, akautoa ule ufunguo kiganjani mwake taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto wembe, akaufunga pembeni mwa mtandio wake. Daktari akaangalia zulia lake.

Riyama akanywa chai yake mpaka ya mwisho. Wodini mtu akaita, "Nesi."

"Naam," akaitika, na safari hii sauti yake haikuwa na mkato.