Uzi wa Tatu Umelegea

Niliisoma ripoti ile mara tano, si kwa kupenda, ila kwa sababu mashine iliitoa mara tano. Asubuhi mama alikuwa ameniachia bahasha, akasema kamati ya kiwanda inataka nakala tano kabla ya kikao, na mimi ndiye mtoa nakala wa duka dogo la karatasi na kalamu lililo mkabala na kituo cha mafuta. Nikalaza karatasi juu ya kioo, nikabonyeza. Nakala ya kwanza ilitoka na joto lake, nikaiokota, na jicho likatua kwenye mstari wa sita: "Binti wa mfanyakazi anakiri kwamba wakipiga muziki wao, mabati hutetemeka hadi nyumba ya tatu."

Binti ndiye mimi. Maneno nayo ni yangu, sikusingiziwa hata nukta.

Chini yake palikuwa na hitimisho. Kasoro ya usikivu ni ndogo, kwa kuwa mfanyakazi hujibu mazungumzo bila shida. Chanzo ni kelele za nyumbani. Kiwanda hakihusiki. Inashauriwa apumzishwe kazi. Mteja aliyekuwa akisubiri vyeti vyake aliniuliza kama mashine imekwama. Nikamwambia haijakwama, inafanya kazi vizuri kupita kiasi, na nikatoa nakala ya tano huku nimeng'ata meno.

Kazi anayopumzishwa mama ni ya kiwanda cha misumari, miaka kumi na tisa. Mashine moja hukata waya na kugonga kichwa cha msumari mara mia tatu kwa dakika, na mashine ziko ishirini na mbili chini ya paa moja. Viziba masikio waliahidiwa tangu mimi niko darasa la kwanza. Mpaka leo wanawake wale wanajiziba kwa pamba wanayochomoa kwenye magodoro ya nyumbani kwao, na kwetu kuna godoro lenye shimo upande wa miguuni ambalo ningependa sana kuwapelekea wanakamati walilalie.

Ngoja niseme mwenyewe kuhusu muziki wangu, maana nimechoka kusemewa. Napenda gitaa kavu, napenda pop-panki, napenda hadikoo, ile panki ya kupiga mayowe. Watu huniuliza nachagua lipi, kana kwamba wamekuja kuposa. Gitaa kavu ni la kusema jambo ukiwa umeketi. Pop-panki ni jambo lilelile ukiwa unakimbia, ila bado unataka watu waimbe nawe. Hadikoo ni pale jambo limesemwa mara kumi kwa adabu na hakuna aliyegeuza shingo. Nyimbo natunga mwenyewe tangu nina miaka kumi na mitatu, na zote ziko kwenye daftari moja lenye jalada la plastiki.

Gitaa kavu aliniachia mjomba. Mama hajawahi kushika gitaa, lakini masikio alikuwa nayo. Angekuwa jikoni, amenipa mgongo, anakata vitunguu, kisha aseme tu, "Uzi wa tatu umelegea." Na kweli umelegea. Wimbo ukimkolea angeingiza sauti ya pili, pale pale kwenye vitunguu, bila kukosea. Ndiyo maana chini ya kila wimbo niliandika tarehe na neno la mama. Alikuwa msikilizaji wangu wa kwanza, na kwa muda mrefu wa pekee.

Lifungue daftari uone. Miaka minane iliyopita: "Mama: uzi wa tatu umelegea." Mwaka uliofuata: "Mama: rudia ubeti wa pili, umemung'unya." Sikuwa nimemung'unya. Mwaka mwingine: "Mama: siku hizi mbona waimba chini chini?" Kisha siku moja nikaulegeza uzi wa tatu makusudi mpaka ukalia kama bawaba ya mlango, nikapiga wimbo mzima nyuma ya mgongo wake. Akaendelea kukata vitunguu. Nilipomgusa bega aligeuka, akaona gitaa, akatabasamu. "Nzuri sana, mama," akaniambia. Nikaandika hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilitamani kuvunja kitu.

Amplifaya niliinunua miaka mitatu baada ya hapo, na hati ya mauzo ninayo. Siku ya kwanza tuliyopiga hadikoo uani, mimi na fundi wa matairi tunayemwita Pancha, ambaye ndiye mpiga dramu wetu, mama alitoka ndani, akavua ndala, akasimama peku juu ya saruji, akaweka kiganja juu ya spika. "Hii naisikia," akasema. Sitaki kujitakasa hapa. Hadikoo ningeipenda hata kama mama angekuwa anasikia mbu akipita mtaa wa pili, maana damu yangu imezaliwa inachemka. Lakini tangu siku ile nimekuwa napandisha sauti nikijua nampandishia nani.

Sasa uone ujinga wangu. Mama alipoomba iandikwe kwamba masikio yameharibikia kazini, kiwanda kilimtuma afisa ustawi aje atutembelee. Mwanamke mpole, mkoba mzuri, chai alikunywa yote. Alizungumza na mama uso kwa uso, mama akamjibu swali baada ya swali. Kisha akanigeukia. Akasema amesikia mimi ni mtunzi wa nyimbo, na je, napiga muziki wa aina gani? Mtu mzima hajawahi kuniuliza swali hilo bila kukunja pua. Nikafunguka kama bomba. Nikamweleza habari za Pancha, za spika, za mama kukaa karibu nayo peku, nikamalizia kwa mabati ya nyumba ya tatu, na hapo nilikuwa najisifu tu. Yeye anaandika huku anatabasamu. Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Wangu uliponza masikio ya mtu mwingine.

Mama aliisoma ripoti jioni, miwani ikiwa puani, kidole kikifuata mstari. Watu wa kiwanda cha misumari wana tabia moja. Kule sauti haifiki popote, kwa hiyo wamejifunza kusema kwa midomo mitupu na kusoma midomo ya wenzao kutoka upande wa pili wa ukumbi. Wanasengenya hivyo, wanaombana chumvi hivyo, hata kwenye foleni ya zahanati utawaona wamekaa mbali mbali na wanacheka pamoja. Mimi nilijifunza kabla ya kujua kusoma maandishi. Na mama akikasirika kweli hapandishi sauti, huizima. Aliikunja ripoti, akanitazama, na midomo yake ikasema bila pumzi: "Siku nyingine uliza kwanza kalamu inaandika nini."

Siku mbili hakunisemesha tena, si kwa sauti, si kwa midomo.

Siku ya kikao Pancha alikuja na mkokoteni. Tulikubaliana kwamba tutaipandisha amplifaya hadi chumba cha kamati, tuichomeke, nami niwaimbie hadikoo ya dakika moja na nusu mpaka glasi zao za maji zihame. Mpango ulikuwa mbovu, najua, lakini nilikuwa sijalala vizuri. Mlinzi wa getini alitusimamisha. Lile sanduku la kelele haliingii, alisema. Gitaa kavu aliligonga kwa kifundo cha kidole, akaliruhusu, akasema hilo halimsumbui mtu. Pancha akabaki nje amekalia mkokoteni, anatukana matairi yake. Tulipokuwa tunapita, mama alimtazama mlinzi kiunoni, kisha akanitazama mimi. "Mkanda wa huyu umekata tamaa," midomo yake ilisema. Nikajua tumepatana.

Chumbani walikuwa watatu: mwenyekiti, katibu na yule afisa ustawi na mkoba wake. Mama aliwekwa kwenye kiti kilichowatazama. Mwenyekiti akamuuliza jina la idara, mwaka alioanza kazi, zamu zake, na mama akajibu yote kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Mwenyekiti akaniangalia.

"Sasa huyu mbona anasikia vizuri tu?"

Nikamweleza habari ya midomo. Nikamweleza kwamba ufundi huo hakuna anakojifunza mtu ila kwenye mashine zao. Nikaweka mezani hati ya mauzo ya amplifaya na daftari. Alilifungua kurasa mbili, akalifunga, akasema hilo ni daftari la nyimbo, si cheti cha daktari. Afisa ustawi akaongeza kwa upole wake uleule kwamba yeye mwenyewe alizungumza na mama saa nzima bila tatizo lolote.

Hadikoo zote nilizowahi kutunga zilipanda kooni kwa mkupuo. Na katikati ya hasira hiyo nikaiona kalamu ya yule afisa ustawi, ipo wazi, inangoja. Nikipiga kelele, itaandika kwamba binti ana kelele. Nikameza. Ilikuwa kama kumeza misumari, na sisemi hivyo kwa kupamba, nilisikia maumivu.

Nikaomba kupiga wimbo mmoja. Kabla hawajakataa nilishakwenda nyuma kabisa, mlangoni, mama akiwa amenipa mgongo. Mwenyekiti akamtazama akasema binti yako anataka kupiga gitaa, mama akaitikia kwa kichwa, akaweka mikono mapajani.

Nilipiga wimbo wangu wa kwanza kabisa, ule wa mtoto anayengoja dirishani. *King'ora kimelia mara mbili, viatu vyako bado sijavisikia.* Huo ndio wimbo ambao mama alikuwa akiuingizia sauti ya pili jikoni. Nilikuwa na hasira na bado niliupiga taratibu, kwa sauti ya chumba, kila neno likisikika. Ubeti wa kwanza. Kiitikio. Kisogo cha mama hakikusogea. Kwenye ubeti wa pili nikaushika ufunguo wa uzi wa tatu, nikaulegeza mpaka ukalia vibaya. Katibu alikunja uso. Mwenyekiti alinitupia jicho, kisha akamtazama mama, na safari hii alimtazama kweli. Mama alikuwa amekaa wima, anawasubiri kwa heshima.

Niliingia ubeti wa mwisho na uzi wangu mbovu.

"Anza basi, mwanangu," mama akasema kwa ile sauti yake kubwa ya kiwandani. "Wakubwa wanasubiri."

Nikaacha kupiga. Mwenyekiti alilivuta daftari, akalifungua upya kutoka mwanzo, akawa anafunua ukurasa mmoja mmoja, kidole kikishuka kwenye tarehe na maneno ya mama. Alifika kwenye "Nzuri sana, mama," akaichukua hati ya mauzo, akailaza kando yake, akahesabu miaka kwa vidole. Afisa ustawi alikuwa anatafuta kitu mkobani na hakukipata.

Mama aliona nyuso zao zilivyobadilika. Akageuka. Akaniona nimeshika gitaa, vidole bado viko kwenye nyuzi, machozi yamenifika kidevuni, nami nilikuwa sijui kama yapo. Akaelewa. Nilimwona akielewa, na kama kuna kitu ambacho sitakisamehe kiwanda kile, ni uso ule.

"Upi?" midomo yake iliuliza.

"Wa king'ora," midomo yangu ikajibu.

Akageuka mbele, akakohoa kidogo, akaanza kuimba. Aliimba sauti ya pili, peke yake, bila ya kwanza, bila gitaa, kwa nguvu zote za mtu aliyezoea mashine ishirini na mbili. Haikukosea hata mahali pamoja. Katibu aliacha kuandika. Mlangoni alitokea mhudumu wa ofisi na trei yake, akasimama pale pale.

Mwenyekiti aliinamia karatasi zake. Alimwambia katibu sehemu ya chanzo ifutwe na iandikwe upya, chanzo ni mashine, na idara nzima ipimwe masikio. Alisema kwa haraka, kama mtu anayetaka kutoka chumbani. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema, "Mama, tafadhali punguza sauti."

Mama hakuwa ameiona midomo yake. Aliendelea kuimba, na mimi sikumgusa bega.