Mapezi Nyuma ya Jodari

Kitabu cha meli kilisema jodari tu. Mkaguzi wa uvuvi alikisoma mara mbili, akamrudishia nahodha, kisha akaomba afunguliwe chumba cha kugandishia samaki.

"Shemeji, humo kuna baridi ya kuua mtu," alisema wakala wa meli, mume wa dada yake, akijichekesha. "Weka sahihi tukanywe chai."

"Chai haikimbii, shem."

Alivaa koti zito, akaingia peke yake. Maboksi ya jodari yalipangwa hadi darini. Nyuma ya maboksi hayo kulikuwa na viroba vyeupe. Alipasua kimoja. Mapezi ya papa, yameganda kama mbao, wala hakuna kiwiliwili hata kimoja. Sheria ya visiwa vyao haikuzunguka: papa ashushwe mzima. Hawa walikatwa mapezi wakatupwa baharini wangali hai. Alipiga picha tatu, akatumbukiza pezi moja dogo ndani ya koti.

Mlango ukafungwa. Paa!

Aliusukuma, ukagoma. Akapiga ngumi, akapiga mateke, akaita mpaka sauti ikamkauka. Simu haikushika mtandao. Vidole vilikufa ganzi, meno yakaanza kugongana yenyewe. Ndipo akaisikia sauti ya shemeji yake, ikipenya kwa shida kwenye chuma.

"Shem, komeo limekwama, wanahangaika nalo. Ila... nahodha anauliza, umeona nini humo?"

Kumbe komeo halikukwama.

"Jodari!" alipaza sauti. "Nimeona jodari tu!"

Mlango ulifunguliwa papo hapo.

Nahodha alimpokea kwa tabasamu na kikombe cha chai. Alikinywa chote, pezi likimchoma ubavuni kwa baridi. Akaaga. Alishuka ngazi ya meli taratibu, ingawa miguu ilitaka kukimbia. Alipokanyaga gati tu, alimwendea askari wa bandari, akalitoa lile pezi.

"Meli hii isiondoke."

Shemeji yake, aliyemfuata nyuma, alimshika mkono. "Si umesema jodari tu?"

"Nilisema nikiwa ndani, shemeji. Sasa niko nje."

Meli ilizuiwa siku ileile. Kesho yake asubuhi dada yake alibisha hodi, macho mekundu, akakataa kiti.

"Mdogo wangu, usinifiche. Mume wangu ndiye aliyekufungia?"

"Aliyefunga simjui, dada. Yeye ndiye aliyefungua. Lakini kwanza aliniuliza nimeona nini."

Dada aliinamisha kichwa, akaondoka bila kuaga. Miezi miwili ndugu hao hawakusemezana.

Kesi ilipoitwa, wakala alisimama kizimbani akaeleza yote, hadi nani aliyekaza komeo na kwa amri ya nani. Leseni ya meli ikafutwa. Yeye mwenyewe alipoteza kazi. Watu walisema dhamiri ilimsuta, lakini mkaguzi alimwona dada yake mstari wa mbele, mkoba magotini, akimkazia mumewe macho tangu neno la kwanza hadi la mwisho.