Meza Iliyoinama

Binti wa dada yangu ni fundi cherehani. Wateja walipomkimbia, akabakiza mwezi mmoja tu afunge duka. Mimi, seremala mstaafu, nikamtengenezea meza ya kukatia. Miguu miwili niliipima kwa bakora yangu. Kesho yake nikaikata bakora ncha iliyooza, kisha nikapimia miwili iliyobaki. Meza ikainama hata paka akilala juu yake aliamkia barabarani.

“Mjomba, uzee huu!”

“Ubunifu huo, mwanangu.”

Lakini mabaki ya vitambaa yaliteleza yote kikapuni, yakachanganyika rangi. Alikitazama kikapu, kisha akaanza kuunga vipande.

Leo duka limejaa mikoba ya viraka. Wateja wakimuuliza nani kabuni, hunionyesha mimi. Nami huificha bakora nyuma ya mlango.