Marehemu wa Kila Jumamosi

Tangu mwezi wa pili wa mwaka ule, marehemu Vượng alikuwa akikumbukwa kila Jumamosi saa sita mchana, na aliyechoshwa zaidi na kifo chake alikuwa mjane wake mwenyewe. Kuku mzima wa kuchemsha, sahani ya wali mwekundu wa kunata, supu ya machipukizi ya mianzi, vikombe vitatu vya pombe ya mchele: vyote vilipangwa mbele ya picha yake kwenye meza ya wazee waliotangulia, na wageni wakakaa mkekani wakingoja vijiti vya ubani viishe. Enzi za uhai wake Vượng alionja kuku siku za sikukuu tu, tena shingo na miguu. "Kula, mume wangu," Bi Thoa alimwambia siku moja wageni walipokuwa hawajafika. "Kufa kumekunenepesha."

Wazo halikuwa lake. Lilikuwa la Phấn, binti wa wakala wa utalii mjini, msichana mwenye simu mbili na maneno mengi.

"Mama Thoa, wageni wa siku hizi wamechoka kupanda mtumbwi na kupiga picha milima. Wanataka kuingia ndani. Waonje maisha."

"Maisha yangu hayana ladha, binti."

"Basi tuwafanyie kumbukumbu ya marehemu. Hiyo ina ladha. Ina kuku."

Katika bonde lile kila nyumba humkumbuka marehemu wake mara moja kwa mwaka, siku ile aliyokufa kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Mara moja, si hamsini. Jumamosi ya kwanza Thoa alitaja jina la kubuni, la babu ambaye hakupata kuishi, lakini wageni wakauliza picha yake iko wapi, na picha pale mezani ilikuwa moja tu. Mchovya asali hachovyi mara moja. Tangu siku hiyo marehemu akawa Vượng.

Hilo peke yake lingesameheka. Kubwa lilikuwa la sarafu. Kabla watu hawajagusa chakula, sharti marehemu aulizwe kama ameridhika, naye huulizwa kwa sarafu mbili za kale zenye tundu katikati, zilizopakwa chokaa upande mmoja. Hutupwa katika sahani. Moja ikilala nyeupe na nyingine nyeusi, amekubali, watu na wale. Zikilingana, bado; aliyezitupa aombe radhi na kurudia. Vượng, kama marehemu wote, hakuwa na haraka, ila wageni walikuwa na basi la saa nane. Thoa akajifunza kuzipanga sarafu kati ya vidole, moja nyeupe juu na moja nyeusi juu, kisha kuziachia chini chini ziteleze. Zililia sana sahanini lakini hazikupinduka. Marehemu akawa anakubali kila wiki mara ya kwanza, na wageni wakipiga makofi.

Sasa ikaja tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, siku ya kweli, siku ambayo Vượng alianguka shambani miaka minne nyuma na asiinuke. Ikaangukia Jumamosi. Phấn, ambaye kalenda ya mwezi mwandamo haimo katika simu zake zote mbili, alikuwa ameshapanga wageni. Thoa hakuwa na nguvu za kugombana. Alikuwa na haja moja tu siku hiyo: mumewe aje, ale, aseme ndiyo bila kusaidiwa na mkono wa mtu. Kwa miezi tisa alikuwa akimwita ovyo kama mtu apigaye kengele ya mlango na kukimbia, na hofu ilikuwa imemwingia kwamba mwanamume yule ameacha kuja.

Asubuhi alikuwa na mgeni mmoja wa mtoni. Alilala chali kidogo nyuma ya mtumbwi, akasukuma makasia kwa nyayo, kama wanavyofanya wote pale, na magoti yakamlalamikia tangu kona ya kwanza. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyunyiza. Mpunga ulishavunwa, yakabaki mabua na maji ya kijivu, na bata wakitembea kati ya milima ya mawe iliyosimama wima bila kuegemea kitu. Milima ile Thoa alikuwa ameitazama mara nyingi hata alikuwa haioni tena.

Mgeni aliitwa Diễm, mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Alizaliwa nchi hiyo hiyo, akachukuliwa Kanada akiwa na miaka saba, na lugha yake ilibaki pale pale kwenye miaka saba: tamu, fupi, isiyojua kuficha.

"Shangazi, unanikumbuka? Nilikuja mwezi wa nne."

"Nakukumbuka. Ulilia mpaka supu ikapoa."

"Nilikuwa sijamkumbuka baba yangu hata mara moja. Miaka tisa tangu afe. Nilikuwa sijui naanzia wapi." Diễm aligeuka akamtazama. "Nimezunguka nchi hii kusini na kaskazini, nimeona mahekalu, nimeona bahari, nikawa napita tu kama upepo. Kwako ndiyo niliingia. Nilikupiga video, nikarudi kwetu nikafanya kitu kwa kitu kama wewe. Hata mkono wako nimeujifunza. Baba alikubali mara ya kwanza, shangazi. Nimelala vizuri tangu siku ile."

Nyayo za Thoa zikasimama kwenye makasia. Mtumbwi ukaanza kwenda upande.

"Phấn ananiambia leo ndiyo siku ya mjomba," Diễm akaendelea. Hakuwa na shari yoyote. "Lakini na mwezi wa nne ilikuwa siku yake. Huku mnafanya mara mbili?"

"Inamisha kichwa," Thoa akasema. "Tunaingia pangoni."

Pango lile lilikuwa na dari ya chini na giza la kutosha, na Thoa alishukuru kwa vyote viwili. Alisukuma polepole kuliko kawaida. Alisikia haya, haya ya mtu mzima, ile inayokaa shingoni. Walipotoka upande wa pili akaanza kusimulia habari za samaki, na Diễm, aliyelelewa vizuri, hakuuliza tena.

Nyumbani walimkuta Bi Nhàn ameketi kizingitini, kuku mapajani, ananyonyoa. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Vượng, mama wa miaka sitini na sita ambaye mdomo wake haukuwekewa mlango. Hakuwa amekanyaga pale tangu Jumamosi zile zianze.

"Karibu, wifi," Thoa akasema.

"Nimeshakaribia. Nimeona nije leo, kabla hajafa tena Jumamosi ijayo."

"Wifi."

"Nini? Watu wote wana ndugu aliyekufa mara moja. Wa kwangu ana bidii." Akamtazama vizuri, sauti ikashuka kidogo. "Umechoka wewe. Macho yameingia ndani."

"Nimechoka, wifi. Sikufichi."

"Utaachaje kuchoka? Unazika kila wiki." Akang'oa manyoya mengine. "Na hao wageni?"

"Ni wa Phấn. Sikuwaita."

"Waache wale. Mgeni hafukuzwi penye kuku. Ila leo zitupe sarafu kama mke wa mtu, si kama mcheza kamari."

Wageni wa Phấn walikuwa Wajerumani wanne, wazee wapole, wenye mifuko ya plastiki miguuni kuzuia mvua. Mkalimani wao alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Diễm akawatafsiria. Saa sita Thoa akawasha ubani, akainama mara tatu, akamwita mumewe kwa jina lake kamili, kijiji chake na siku aliyokufa. Alipoitaja tarehe, Diễm akaacha kutafsiri akamtazama.

Ubani ukaisha. Thoa akaziweka sarafu kati ya viganja vyake viwili, akazitikisa juu kabisa ya paji la uso ili mkono usipate nafasi ya ujanja, akaziachia.

Nyeupe mbili.

Akaomba radhi kwa chakula kidogo. Akatupa tena. Nyeusi mbili. Akaomba radhi kwa kelele za wageni. Nyeupe mbili tena. Supu ilikuwa imeacha kutoa mvuke. Mjerumani mmoja alitazama saa yake kwa siri, na Nhàn akamwona.

"Mwambie marehemu hana basi la kuwahi," Nhàn akamwagiza Diễm.

Lakini Diễm alikuwa akiitazama mikono ya Thoa. Alimwonea huruma, akajisogeza mkekani, akanong'ona kwa ile lugha yake ya kitoto isiyojua kunong'ona, nyumba nzima ikasikia: "Shangazi, mkono siyo huo. Ule wa mwezi wa nne ulikuwa chini. Vidole ulivipanga hivi, hivi, halafu unaachia pole pole. Ukifanya vile anakubali."

Na akaonyesha hewani. Alikuwa amejifunza barabara, hakukosea hata kidole.

Nhàn aliutazama mkono ule wa mgeni, kisha akamtazama wifi yake.

"Rudia, mwanangu," akasema. Diễm akarudia. "Ahaa. Kumbe ndugu yangu alikuwa anakubali kwa vidole." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Leo umemchinjia, hutaki kuamini kwamba hakubali."

Thoa hakujitetea. Mtu akichoka sana hata uongo unakuwa mzigo, anautua popote alipofika. Alipiga magoti, magoti yale yale mabovu, akaitazama picha.

"Nilikudanganya," akamwambia mumewe. "Nilikuwa nakuita wakati sikuhitaji, na nilikuwa nakujibia kabla hujajibu. Nilisema ni kazi tu. Kuku walikuwa wa kweli, lakini mimi sikuwa wa kweli. Leo ni siku yako. Kama bado unakuja, nionyeshe. Nikijua huji tena, nitajua la kufanya."

Akatupa. Nyeusi mbili.

Akabaki ameinama vile vile. Machozi hayakumtoka. Alijisikia mtupu tu, akawaza kwamba hivyo ndivyo ujane unavyoanza hasa, ile miaka minne ilikuwa mazoezi.

"Nipe," Nhàn akasema.

Akazichukua sarafu, hakuomba, hakuinama, akazitupa kama mtu anayerusha punje kwa kuku. "Vượng, mimi dada yako. Umeshiba?"

Moja nyeupe, moja nyeusi.

Wajerumani walitaka kupiga makofi. Diễm akawazuia kwa mkono.

Thoa aliitazama sahani, na kwanza ilimchoma. Amekubali kwa dada, si kwake. Amekuja, amekaa, amekula, akamjibu kila mtu isipokuwa aliyempikia. Lakini hapo hapo kitu kikamrudia kutoka mbali.

"Wifi," akasema. "Amenuna."

Nhàn akamtazama.

"Ameninunia. Wifi, unakumbuka mwaka ule nilipouza bata wake? Siku tatu hakunisemesha. Tuko meza moja, bakuli linagusana na bakuli, anakwambia wewe: 'Dada, mwambie yule mwanamke chumvi imepungua.'"

"Siku nne," Nhàn akasema. "Ya nne nilimchapa na upawa." Naye akajifunika uso kwa kiganja, mabega yakimcheza, na haikujulikana kama analia au anacheka. Thoa yeye alikuwa akifanya yote mawili, bila aibu, mbele ya wageni wa mbali. Asiyekuwapo hawezi kununa. Mumewe alikuwapo, tena mzima kabisa katika ukorofi wake.

"Kuleni," Nhàn akawaambia watu. "Kimepoa, lakini kimekubaliwa."

Walikula. Wajerumani walikula kwa adabu na wakauliza machipukizi yanapikwaje. Diễm hakugusa vijiti vya kulia. Alikuwa amekaa na mkono wake mapajani, anautazama kama kitu alichouziwa sokoni.

"Shangazi. Basi baba yangu hakukubali?"

Thoa alitamani kumwambia alikubali. Lingekuwa jambo rahisi, na uongo mmoja zaidi usingemwongezea uchovu. Akalishusha bakuli.

"Sijui, binti yangu. Hukumwuliza. Ulimjibia. Na aliyekufundisha ni mimi, kwa hiyo lawama ni yangu."

"Nikimwuliza kweli, akikataa?"

"Uombe radhi, uulize tena. Akikataa hata mara kumi, kaa naye. Anayekukatalia yupo."

Diễm akachukua wali kidogo, akaanza kula taratibu. Alilia pia, lakini safari hii hakupiga picha.

Simu ya Thoa ikalia kabla basi halijafika. Alikuwa ni Phấn: Jumamosi ijayo watu kumi na mmoja, na je, inawezekana marehemu akaanza saa tano badala ya saa sita?

"Walete," Thoa akamjibu. "Watapanda mtumbwi, nitawapikia kuku, watakaa nasi wakipenda mpaka jioni. Lakini ni kuku wa kula tu. Hakuna mtu atakayeitwa."

"Mama Thoa, sasa wataonja nini?"

"Kuku, binti. Nimekwambia."

Akakata simu. Wageni wakaondoka na mvua yao. Diễm akabaki akiosha vyombo, maana alikataa kwenda. Thoa alijinyoosha mkekani chini ya meza ya wazee, akakanda goti moja, kisha la pili, na mumewe akitazama kando kama alivyotazama siku zote kwenye picha ile. Nhàn alikuwa akila kilichobaki, shingo na miguu.

"Wifi," Thoa akasema, macho ameshayafumba. "Hebu mwulize kama chumvi ilitosha."

Nhàn akavuta sahani, akazitupa sarafu, akaendelea kutafuna.

"Anasema nikwambie imezidi," akajibu, na wala hakuwa ametazama sahanini.