Nyuzi Ishirini na Nne

"Sakafu iko nyuzi joto ishirini na nne," nilimwambia Asumpta, jirani wa baba yangu. "Yuko sawa tu, dada."

Nilisikia upepo ukivuma kwenye simu yake na buti zake zikikanyaga theluji, nikajua amesimama nje, mbele ya nyumba ya baba yangu kule Malton. Mimi nilikuwa ofisini katikati ya jiji, ghorofa ya kumi na tisa, kikombe cha chai mkononi. Simu nilikuwa nimeilaza mezani, sauti imefunguliwa, na kwenye kioo chake kulikuwa na duara la rangi ya machungwa lenye namba katikati. Siku hiyo nilikwishaitazama labda mara sita, na kila mara namba ilikuwa nzuri.

"Dada Minaz," akasema Asumpta taratibu, kama anayeongea na mtu aliyefiwa, "mimi sikuulizi habari za sakafu. Nakuuliza habari za mzee. Pipa lake la taka limelala barabarani tangu alfajiri, na sasa hivi ni saa tisa. Nimegonga mlango mpaka mkono unauma."

Baba yangu hakuwahi kuacha pipa barabarani hata mara moja. Alilirudisha kabla ya saa nne, lake na la Asumpta, maana Asumpta hufanya kazi za zamu uwanja wa ndege na mchana mara nyingi hulala. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba Asumpta ana ufunguo wetu wa akiba.

"Ingia," nikasema. Kikombe nilikiweka juu ya karatasi za mtu mwingine.

*

Mama ndiye aliyeitaka sakafu ile. Alikuja Kanada akiwa na miaka arobaini na tatu, akitokea Singida, na katika mambo yote ya nchi hii lililomshinda lilikuwa moja tu: kukanyaga vigae vya jikoni asubuhi ya Januari. Walipokarabati nyumba, Bapa, ndivyo ninavyomwita baba yangu, akakubali watandikiwe nyaya za umeme chini ya vigae, jikoni, bafuni na kwenye korido. Ukutani wakawekewa kitufe cha kuzungusha, kama cha redio ya zamani. Mama akawa anatembea peku nyumba nzima, mtu wa kwanza katika mtaa mzima, alivyodai, kuvua soksi mwezi wa kwanza.

Alipofariki, Bapa alibaki peke yake na sakafu yake. Nilimwomba ahamie kwangu Regent Park, kwenye jengo la ghorofa. Akasema nyumba yangu iko juu mno, hawezi kuishi mahali ambapo mvua haisikiki. Alikuwa na miaka themanini na moja, kisukari cha miaka ishirini, na kichwa kilichotulia kuliko changu. Tatizo lilikuwa kitufe. Alikizungusha mpaka mwisho, akasahau, akalala, na nyumba ikawa tanuri. Siku nyingine alikizima, akasahau vilevile, nikamkuta amevaa koti mezani.

Basi Oktoba ile nilinunua themostati ya kisasa, kidhibiti joto kinachoongozwa kwa simu, na Nicolaus, mume wa Asumpta, ambaye ni fundi umeme, akaja kuifunga Jumamosi. Alishuka chini kuzima umeme, akarudi na tochi kichwani, akang'oa kitufe cha zamani. Nyuma yake ukutani kulikuwa na nyaya nene za umeme na nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea. Bapa, aliyeuza vipuri vya baiskeli nusu ya maisha yake, alisogea na miwani yake.

"Hizi mbili za nini?"

"Hizi zinatoka ndani ya sakafu, mzee. Ndizo zinazopima joto la vigae."

Bapa akamshikia bisibisi, akampa alipoiomba, akaipokea tena, kama vile hiyo kazi ni ya wawili. Umeme uliporudi, kioo kidogo kikawaka ukutani. Nicolaus alimwonyesha: hapa juu unapandisha, hapa chini unashusha.

"Basi?"

"Basi, mzee."

Nadhani Bapa alitarajia ufundi mkubwa zaidi. Kitufe cha zamani alikitia mfukoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikiunganisha waifai, na duara lilipotokea kwenye simu yangu kwa mara ya kwanza nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

*

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya furaha, na hili lazima niliseme kwa sababu watu huwa hawaniulizi. Kila siku saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, baada ya dua zake, Bapa alikwenda jikoni kuchemsha chai na kupandisha sakafu hadi thelathini. Mimi wakati huo nilikuwa nikisubiri basi la umeme, mikono imeganda, na nikaona namba inaruka. Nikaishusha hadi ishirini na nne. Dakika mbili, thelathini tena. Nikashusha. Akapandisha. Halafu simu ikalia.

"Nani anachezea sakafu yangu?"

"Majini, Bapa."

"Waambie nina baridi."

Tukacheka, tukaulizana hali, akaniambia amekula nini, mimi nikamwambia basi limefika. Hivyo ndivyo tulivyozungumza kila siku, miezi ile yote mitatu, zaidi kuliko tulivyowahi kuzungumza tangu mama afe. Sikuzihesabu simu zile kuwa ni kitu. Ni ugomvi wa joto tu.

Februari nikamkuta na malengelenge unyayoni. Mawili, makubwa kama maharage, na yeye hana habari. Alidhani soksi imejikunja. Daktari wake alimgusa miguu kwa kijiuzi cha plastiki, hapa, hapa, na hapa, akamuuliza kama anasikia. Bapa alikuwa amefumba macho. Kila mara alisema ndiyo, hata pale ambapo daktari hakuwa amemgusa.

Daktari akaniita pembeni. Miguu imekufa ganzi. Joto kali litamuunguza bila yeye kujua, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari mwisho wake tunaujua.

Jioni hiyo nilifungua programu ya simu, nikatafuta penye alama ya kufuli, nikafunga. Ishirini na nne, mchana na usiku. Kifaa cha ukutani kikawa pambo.

Asubuhi akanipigia. "Kimeharibika hiki. Nabonyeza, hakisikii."

"Hakijaharibika, Bapa. Nimekifunga."

"Umekifunga ili nisikiguse mimi?"

"Kwa ajili ya miguu yako. Ulimsikia daktari."

"Sawa, mama," akasema. Hakulalamika. Wala hakunipigia tena saa kumi na mbili na dakika kumi, kwa kuwa hapakuwa na cha kugombania. Nami sikumpigia, kwa kuwa namba ilikuwa palepale kila nilipoitazama, na niliitazama sana. Tukawa tunaonana Jumapili. Nilijiambia kwamba namwangalia baba yangu kutwa nzima.

*

Asumpta alimkuta jikoni, kati ya meza na sinki. Alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, macho wazi. Nyonga ilikuwa imevunjika. Chai ilikuwa imemwagika na kukauka, imeacha doa la kahawia kwenye vigae. Alikuwa pale tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Nilijua yote haya nikiwa kwenye treni, maana Asumpta hakukata simu. Sina gari, nilikimbilia stesheni bila kofia. Theluji ilikuwa imeanza kumwagika kwa nguvu, na baada ya kituo cha pili treni ikasimama katikati ya reli, kushoto ukuta, kulia ukuta. Tukaambiwa tuvumilie. Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa, nalo limekwama barabarani kama sisi sote.

"Anaongea?" niliuliza.

"Anaongea. Anasema pole kwa kunisumbua." Sauti ya Asumpta ilikuwa ya kazi sasa, kavu. "Nimeambiwa nisimsogeze. Nimemfunika blanketi. Lakini mikono ni baridi sana, dada, mikono na uso."

Watu wa kwenye treni walikuwa wakitazama simu zao. Mimi pia nilikuwa natazama yangu. Sikuweza kufungua mlango ule, sikuweza kutembea juu ya reli, sikuweza kumshika mkono. Katika ulimwengu mzima kulikuwa na kitu kimoja tu nilichoweza kumfanyia baba yangu kutoka pale nilipokaa, nacho kilikuwa kwenye kiganja changu. Nikafungua kufuli. Nikapandisha: ishirini na nane, thelathini.

Zikapita dakika kumi hivi.

"Minaz, ni wewe?" Asumpta akapaza sauti. "Sakafu inachemka. Shusha! Ngozi ya ubavu wake imelalia hapo tangu asubuhi, imeshakuwa nyekundu, itachubuka. Shusha dada!"

Nikashusha. Nikakosea, nikapandisha tena, nikashusha. Mama mmoja wa Kifilipino aliyekaa mbele yangu akanipa karatasi laini ya kujipangusa. Sikuwa nimejua kwamba nalia. Kisha nikabaki nimeshika simu kwa mikono miwili, nisiiguse tena, nikisikiliza mlango wa nyumba yetu ukifunguliwa na hatua nzito za watu wa gari la wagonjwa wakiingia, na mmoja akimuuliza baba yangu leo ni siku gani, naye akimjibu sawasawa kwa Kiingereza chake cha shule ya Singida. Treni ilikuwa bado haijaondoka.

*

Walimfanyia upasuaji usiku uleule. Daktari wa hospitali, kijana mpole, aliniambia tumepata bahati: wazee wengi wanaoanguka hivyo majira ya baridi huuawa na ubaridi wa sakafu, si na mfupa. Alidhani ananifariji. Nilimshukuru.

Siku ya tatu Bapa aliweza kukaa. Nilikuwa namlisha uji wa hospitali, usio na sukari wala chumvi, naye alikuwa akiumeza kwa adabu.

"Muda wa karibu saa tisa, Bapa," nikasema. "Ulikuwa unawaza nini pale chini?"

"Mwanzo niliita. Asumpta alikuwa zamu, nikakumbuka. Nikaita tena kidogo." Akafungua kinywa, nikampa kijiko. "Halafu nikaacha. Nikaona sina haja ya kujichosha."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Si ulikuwa unaniona? Kwenye simu. Nikasema, Minaz yuko kazini, ana watu, hawezi kuacha kazi mara moja. Akipata nafasi atatuma mtu." Akanipiga-piga mkono. "Na kweli, ukatuma."

Kijiko kilikuwa hewani. Nikataka kumwambia. Nilikuwa na maneno yote: kwamba ile ni namba, Bapa, ni namba tu ya vigae, kwamba nilikunywa chai mara mbili asubuhi ile, kwamba nilimjibu Asumpta kwa kiburi. Nikafikiria saa tisa zile, mtu amelala na nyonga iliyovunjika na hana hofu, kwa sababu anajua anaonekana. Nikafikiria ningemwondolea nini. Muuguzi akaingia na vidonge, na nafasi ikapita, nami nikaiacha ipite.

Hakurudi Malton. Aliishi kwangu miezi kumi na minne, juu mno, mahali mvua haisikiki. Alitembea kwa kigari cha kusukuma hadi dirishani na kurudi, na siku za Jumapili wageni walipokuja kumjulia hali, aliwasimulia. Hakuchoka kusimulia. Mzee Ramzanali, rafiki yake tangu Singida, aliisikia hadithi ile labda mara nane, na kila mara alitikisa kichwa na kuniangalia kwa heshima ambayo sikujua niiweke wapi.

Jumapili moja Asumpta na Nicolaus nao walikuwepo, wamekuja na ndizi za kupika. Bapa alipofika mahali anapopapenda katika hadithi, alinyoosha kidole kwangu.

"Huyu hapa aliniona kutoka mjini, katikati ya kazi zake. Akampigia Asumpta palepale: kimbia, baba yangu ameanguka. Si ndivyo, Asumpta?"

Nicolaus aliinamia kikombe chake. Asumpta, aliyesimama kwenye theluji siku ile na kugonga mpaka mkono ukamuuma, alinitazama, hakunitazama sana. Kisha akamgeukia mzee.

"Ndivyo, mzee," akasema. "Alinipigia."

Akaonja chai yake, akauliza kama kuna sukari zaidi. Nikainuka kwenda kuileta, nikakawia jikoni zaidi ya muda unaohitajika kuchota sukari.