Nukta ya Kushoto

Sipendi kujisifu, lakini ukweli usemwe: katika kampuni ile ya ulinzi hakuna aliyezijua bastola kunishinda. Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye ghala la silaha. Mabosi walikuja, mabosi wakaondoka, mimi nipo. Walinzi waliniita Mzee Kabati, na jina hilo halikutoka hewani.

Bastola zetu kumi na mbili zilikuwa na nukta tatu za kulengea zinazowaka zenyewe gizani, moja mbele na mbili nyuma, kushoto na kulia. Hazina betri, wala hazianikwi juani. Ndani ya kila nukta kuna kichupa cha kioo, chembamba kama njiti ya kiberiti, na ndani ya kichupa kuna gesi inayokifanya kiwake miaka kumi na zaidi, kikififia pole pole. Sasa vitu hivyo huwezi kuvikagua kwenye mwanga. Kwa hiyo kila mwezi niliingia kwenye kabati kubwa la chuma, nikafungiwa mlango, nikakaa dakika kumi macho yazoee giza. Kisha napitishiwa bastola moja moja, tupu, chini ya pazia. Nafumba jicho moja, nalenga, nasoma kwa sauti: "Tatu nzima!" Msaidizi yuko nje anaandika kwenye daftari. Mwisho natoka, natia saini. Kusoma yaliyoandikwa? Ya nini, wakati mimi ndiye niliyeyasema?

Msaidizi wangu alikuwa mume wa binti yangu. Mimi ndiye niliyemwingiza kazini, na usifikiri nilimpenda. Walinzi walimwita Taratibu. Akisafisha lenzi ya darubini ya bunduki, kwanza anapuliza vumbi kwa kipira, halafu anapitisha brashi laini, ndipo anagusa kwa kitambaa, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ni mimi niliyemfundisha hivyo, maana vumbi ukilisugua linachora kioo. Lakini yeye alizidisha, ungedhani anamwogesha mtoto mchanga. Nilikuwa namwambia mbele za watu, "Wewe ungetumwa kuleta kifo, wanadamu wangeishi milele." Wanacheka, na yeye anacheka. Mtu asiyejua kukasirika mimi simwamini.

Jumatatu moja bosi akaja kusimama ghalani wakati wa ukaguzi. Kulikuwa na mteja mpya wa ulinzi wa usiku, na alitaka bosi ashuhudie kwa macho yake. Nikaingia kabatini. Dakika kumi. Bastola ya kwanza: mbele inawaka, kulia inawaka, kushoto giza. Ya pili: kushoto giza. Nikazipitia zote kumi na mbili, na zote kushoto giza totoro.

Nikatoka nimefura. Bosi alikuwa ameshafungua daftari. "Mzee, mwezi uliopita hapa pameandikwa zote nzima. Mwezi wa kabla ya hapo pia."

Damu ikanipanda. Miezi mitatu mfululizo nilikuwa nimesema humo kabatini, "Kushoto imefifia, andika." Na huyu bwana ameandika nzima! Sasa kuna kitu kimoja tu kinachoua nukta kumi na mbili kwa mpigo, nacho ni dawa ya kusafishia mtutu. Ile ni kali. Ukiipaka juu ya nukta inalainisha gundi inayoshika kichupa, na kichupa kinachomoka. Kila anayeshika kitambaa ghalani anajua hilo. Nikaona picha yote: ameziosha kwa dawa, ameona zinakufa, akaficha kwenye daftari.

"Ni wewe!" nikamwambia.

"Baba, hapana. Sijazigusa na dawa."

"Na daftari je? Limejiandika?"

Akanitazama, akamtazama bosi, akanitazama tena. Halafu akasema pole pole, "Baba, kwa nini zote ziwe za kushoto?"

"Kwa sababu wewe ni mashoto, mpumbavu wewe!" Na kweli alikuwa mashoto. Bosi akatikisa kichwa, jibu limemwingia.

Taratibu akamwomba bosi aingie kabatini ajionee. Bosi akaingia, mlango ukafungwa, hata dakika moja haikuisha akagonga atoke. "Sioni kitu humu. Zimekufa zote."

"Bosi, kaa dakika kumi, macho yazoee."

"Nina dakika kumi za kukaa kabatini mimi?"

Nilijua bosi hajaona kwa sababu ametoka kwenye taa. Hata mtoto angejua. Nikafunga mdomo, maana jibu lake lilikuwa upande wangu. Bosi akamwambia Taratibu arudi nyumbani mpaka Alhamisi, fundi wa wauzaji wa bastola atakapokuja kuzikagua. Akithibitisha dawa, kazi hana, na taarifa itapelekwa kwenye ofisi ya vibali vya silaha. Mtu akinyang'anywa kibali kwa kuharibu silaha, hakuna ghala litakalompokea tena, na Taratibu hakuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani. Nyumbani ana mke, na mke ana mimba ya miezi saba.

Alipokuwa anavua kitambulisho alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo bosi hakuisikia, "Baba, ingia tena peke yako. Halafu igeuze bastola juu chini."

"Toka hapa," nikamwambia.

Maneno yale yalinikera usiku kucha. Asubuhi ya Jumanne nikaingia kabatini na bastola moja, nikasubiri, nikalenga. Kushoto giza. Nikaigeuza juu chini. Ukiigeuza hivyo, nukta iliyokuwa kushoto inahamia kulia. Kwa hiyo ile iliyokufa ingepaswa kuonekana kulia. Haikuwa hivyo. Kulia kulikuwa kunawaka, na kushoto bado giza. Nikairudisha, nikaigeuza tena. Nikachukua nyingine, na nyingine. Giza lilikuwa halitoki kushoto, hata nizigeuze mara mia.

Zilikuwa nzima zote. Lililokufa ni jicho langu.

Niliogopa, nakiri. Fundi wa silaha asiyeona ni nini? Ni mzee wa kukaa kibarazani anaulizwa kama amekula. Na Alhamisi fundi angekuja, angekaa dakika kumi zake, angesema nukta zote zinawaka. Wangeuliza, basi nani aliyesema zimekufa? Nikawaza kwenda kwa bosi. Nilifika mpaka mlangoni pake, nikasikia anacheka kwenye simu, nikarudi.

Jumatano, wenzangu walipokwenda kula, nikafunga ghala kwa ndani. Nikachukua chupa ya dawa ya mtutu na brashi. Nikapaka nukta za kushoto, moja baada ya nyingine, kumi na mbili. Nikasubiri gundi ilegee, nikavichokonoa vichupa kwa sindano. Nilikwenda taratibu kuliko Taratibu mwenyewe. Vichupa nikavifunga kwenye karatasi, nikavitupa chooni, nikavuta maji. Kisha nikanawa mikono, nikaenda kula, na chakula kilipita.

Alhamisi fundi hakuhitaji hata kabati. Alinusa bastola ya kwanza tu. "Dawa ya mtutu," akasema. "Nani huyu mjinga?"

"Mkwe wangu," nikajibu. Wote wakanionea huruma. Bosi alinishika bega.

Jioni binti yangu alikuwa ananisubiri sebuleni kwangu. Hakuniamkia. Tangu azaliwe hajawahi kuingia bila kuniamkia.

"Baba, mume wangu anajua huoni."

"Nani haoni?"

"Anajua tangu mwezi ule wa kwanza uliposema kushoto kumefifia. Kila ukitoka kabatini ukaenda kunywa chai, yeye anaingia, anasubiri dakika kumi, anazisoma upya. Ndiyo maana aliandika nzima. Zilikuwa nzima! Jumatatu hakuweza, bosi alikuwa amesimama pale."

"Kwa nini hakumwambia bosi?"

"Nilimuuliza hilohilo. Nilimpigia kelele. Akasema baba mkwe havuliwi nguo mbele za watu. Akasema umeshaelekezwa namna ya kujua, ukijua utasema mwenyewe. Siku tatu hizi hajaondoka karibu na simu. Anasema, baba atapiga."

Mtu kama mimi akibanwa anakuwa mkali. "Fundi amekuja, amenusa, amekuta dawa. Dawa ni dawa. Mwambie mumeo aache kuniundia upofu."

Binti yangu si mjinga. Nilimwona akipiga hesabu: kama nukta zilikuwa nzima Jumatatu na Alhamisi zina dawa, ghalani alibaki nani? Akaweka mkono tumboni.

"Ni wewe," akasema.

"Nenda nyumbani kwako."

Akaenda. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, na mtoto alipozaliwa nilisikia kwa majirani.

Jumatatu iliyofuata bosi aliniletea fomu ya ofisi ya vibali, niijaze kama mkuu wa ghala. Nikaisogeza upande wa kulia ili niione vizuri. Waliuliza kama namfahamu mhusika. Nikaandika: Ndiyo, ameoa binti yangu. Waliuliza tabia yake kazini. Nikaandika: Mzembe, na huficha makosa. Swali la mwisho liliuliza kama siku za usoni anaweza kuaminiwa tena na silaha. Nikaandika hapana, nikatia saini, na bosi akaniambia nimefanya jambo gumu.